Mikono ya Shangazi Dafina

Kijijini kwetu pilipili ya mtu ikilegea, hakuna anayekimbilia duka la dawa mjini Prilep. Unampigia kelele Shangazi Dafina juu ya ua, basi. Anakuja hata kama ana unga vidoleni. Anapiga magoti kwenye tuta lako, anageuza jani moja moja, anachungulia chini yake kama anamkagua mtoto masikio.

"Chawa wa mimea hawa," anakwambia. "Ona walivyojazana. Yeyusha sabuni ya kufulia kwenye maji, pulizia asubuhi jua halijawaka. Na hao sisimizi waache, wanafuata utamu tu."

Mwaka juzi jirani yake Trpana alimletea pilipili iliyooza kitakoni, anadhani shamba limerogwa.

"Nani akuroge wewe?" Shangazi akacheka. "Hiyo ni maji. Leo unamwagilia mpaka inaogelea, kesho unaisahau unaenda kupiga soga. Hata wewe ungeoza makalio."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mume alishafariki, mwanawe yuko Australia, na yeye alibaki na pilipili. Si pilipili yoyote. Ni ile ndefu ya marehemu mama yake, nyekundu iliyoiva sana, yenye michirizi ya kahawia juu ya ganda kama mtu ameidarizi kwa sindano. Kila vuli alichagua nzuri kuliko zote, akatoa mbegu, akapanda zote masika yanayofuata. Akiba haweki. Anasema mbegu za mwaka juzi ni chakula cha panya.

Mtu mwingine pekee mwenye pilipili ile ni dada yake, Ristana, ng'ambo ya barabara. Lakini hao walinuniana siku ya kugombania sufuria ya shaba ya mama yao, ile ya kupikia ajvar, rojo la pilipili za kuchoma. Ristana aliichukua. Toka hapo Dafina hakukanyaga ua wake, hata kwa bahati mbaya. Wakikutana kwenye duka la mkate, mmoja anatoka.

Sasa, Julai kwetu ni tumbaku. Alfajiri tunachuma, mchana tunakaa kwenye banda la Strezo, mwenye shamba, tunatunga majani kwenye nyuzi kwa sindano. Utomvu wake unaganda mikononi mweusi, unanata, sabuni haiufanyi kitu. Tumezaliwa nao. Mtu anakata mkate na mikono hiyo hiyo, anambembeleza mtoto, anasalimia kasisi.

Siku moja Shangazi alifika bandani amechelewa, kashika jani la pilipili. Lilikuwa na mabaka ya kijani kibichi na kijani cha kufifia, limejikunja, limekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka.

"Kole," akaniita mimi, "macho yako mazuri. Unaona mdudu hapo?"

Nikageuza juu na chini. "Hakuna, shangazi. Wala utando."

"Wala mimi sioni."

Akaanza vita. Akapulizia sabuni. Akaloweka majani ya kuwasha kwenye pipa mpaka mtaa mzima ukanuka, akamwagia maji yake. Akatia majivu. Akafukua shina moja akaangalia mizizi: myeupe, mizima. Akapunguza maji, akaongeza maji. Mwisho akafunga vitunguu saumu getini kwa ajili ya kijicho, yeye aliyekuwa akimcheka Trpana! Mabaka yakazidi kwenda, tuta hadi tuta. Pilipili changa zikatoka zimepinda, zina vinundu.

Halafu mabaka yakaanza kwa majirani. Kwa Trpana. Kwa Mileva. Kwa mke wa kasisi. Kila mmoja alimwita Shangazi, naye alikwenda, akakagua, akabana vichipukizi kwa kucha ili mti ujitanue, akaahidi kurudi. Akarudi. Hali ikawa mbaya zaidi.

"Mbona mwaka huu dawa zako hazishiki?" Mileva akamuuliza mbele za watu.

"Sijui," Shangazi akajibu. Sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo.

Basi siku nyingine tuko bandani, Strezo katoka kupima nyuzi, akaona jani jipya la mabaka ambalo Shangazi alikuja nalo, kaliweka juu ya kreti. Akaliokota. Strezo ni mtu wa mizaha, mdomo haufungi. Safari hii hakutania.

"Umelitoa wapi hili kwenye tumbaku yangu?"

"Tumbaku gani? Hilo ni la pilipili."

"Acha utani, Dafina." Akaenda nje, akarudi na jani la tumbaku la mwisho wa shamba, akaliweka kando ya lile. Mabaka yale yale. Kijani kibichi, kijani cha kufifia, kama ramani. "Huu ni ugonjwa wa tumbaku. Upo huko chini tangu enzi za baba. Hauna mdudu wa kuona. Hauna dawa. Unakaa kwenye utomvu, unahama kwa kuguswa tu."

Nyuzi zote zikasimama.

"Kwa kuguswa na nini?" Trpana akauliza.

Shangazi aliweka sindano chini. Akainua mikono yake, akaitazama. Myeusi mpaka kwenye vifundo. Mimi niliitazama yangu. Sote tulikuwa na mikono hiyo, ila sisi hatukupita nyumba kwa nyumba tukibana vichipukizi vya watu.

"Kwako nilianza lini?" akamuuliza Trpana.

"Ulipokuja kuangalia wale chawa..."

"Ulikuwa na chawa tu."

"Chawa tu, shangazi."

Akasimama. Nilidhani ataanguka, nikamshika kiwiko, akaruka kama nimemchoma. "Usiniguse! Usiguse kitu!"

Jioni ile aling'oa shamba lake lote. Lote! Nilikuwa nachukua mimea kwa toroli, nachoma pembeni, maana alikataa isitupwe kwenye lundo la mbolea. Mti mmoja ulikuwa na pilipili ndefu nzuri, michirizi imeshaanza. Nikamwambia huu tuuache, huu mzima.

"Angalia kichwani."

Jani changa la juu lilikuwa na mabaka. Akaung'oa mwenyewe.

"Na mbegu?" nikauliza. "Mwakani?"

Alichemsha kisu na mikasi. Kisha akaenda kwa wote, akasimama nje ya kila geti, akasema: ni mimi niliyewaletea, ng'oeni, chomeni. Mke wa kasisi alilia. Mileva alimtupia ndoo, ikamkosa. Trpana peke yake ndiye aliyesema, "Sasa tutakula nini na jibini, wewe mwanamke?" akaanza kucheka kwa woga, akashindwa kuacha.

Tulipokuwa tunarudi alisimama barabarani, akageukia ua wa Ristana. Mimi ndipo nilipoona. Pilipili za Ristana zilikuwa zimesimama wima, kijani kizito, hakuna baka hata moja. Ua pekee ambao Shangazi alikuwa haukanyagi, na Ristana mwenyewe kifua chake kibovu, tumbaku aliiacha zamani.

Ristana alitoka na ufagio. Walikuwa wamefanana kiasi cha kuchekesha.

"Usilishike geti," akasema. Ndiyo maneno yake ya kwanza baada ya miaka yote ile.

"Silishiki."

"Nimesikia. Mileva ana sauti."

"Ristana, sina hata mbegu moja. Ya mama imeisha kwangu."

Ristana akamwangalia mikono. Akaingia ndani. Nikajua basi, kafunga. Lakini akarudi na beseni la maziwa, maziwa mazima ya mbuzi wake, na brashi ya kusugulia sakafu.

"Strezo anasema maziwa yanaukata ugonjwa huo mikononi. Osha mpaka viwiko. Na kucha."

Shangazi alipiga magoti pale barabarani akasugua, maziwa yakawa kijivu, Ristana akayamwaga, akaleta mengine. Sikujua nitazame wapi. Ngozi ilipoanza kuwa nyekundu Ristana akafungua geti kwa mguu.

"Ingia uchague mwenyewe za mbegu, macho yako ni mazuri kuliko yangu," akasema. "Ila mikono mfukoni. Onyesha kwa kidevu."

Shangazi Dafina aliingia, mikono ndani ya aproni, akaanza kuonyesha kwa kidevu.