Siku Mwethya Walipokataa Muthokoi

Tulikuwa hivi. Nyanya yangu Syombua, ndiye alikuwa kiongozi wa mwethya, kile kikundi cha akina mama cha kulimiana. Mama yangu Ndinda, mke wa mtoto wake. Jirani yetu Mbithe, na wengine wa kwetu Kasikeu ambao nikiwataja hatutamaliza leo, ingawa nawajua mpaka majina ya watoto wao. Mimi nilikuwa msichana, bado sijaolewa. Mwenye shamba alikuwa Musembi, mtoto wa Nyanya, ndugu mdogo wa baba yangu.

Nimekumbuka siku hiyo kwa sababu juzi nilishuka mjini Salama kununua mbegu, nikapata mjukuu wangu kwa stage ya matatu, shavu limefura muguka, yale majani ya kutafuna yanayolevya, macho mekundu. Nikamwambia twende nyumbani. Akacheka. "Susu, haya ni majani tu." Maneno hayo nilikuwa nimeshayasikia.

Miaka hiyo ya sabini kaka yangu Mutua alikuwa anapakia mahindi kwa malori pale Sultan Hamud. Alirudi nyumbani amekonda, haogi, anaongea na kuku, mara anasema jembe linamtukana. Sisi tukajua amelogwa. Hatukutafuta kingine. Mama alimpeleka kwa mganga, na Jumapili tunampeleka kanisani, mchungaji anamwombea, huku Musembi anasema amina kwa sauti kutushinda sisi wote.

Basi ikafika zamu ya Musembi kulimiwa. Tulichimba fanya juu, ile mitaro ya kuzuia mchanga usibebwe na mvua, tukiimba, harufu ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, inatujia kutoka jikoni kwa mkewe. Tulipofika chini kwa mbaazi, jembe la Mama likakata mti ambao si mbaazi. Akauinua, akanusa. Akanusa tena. Wimbo ukanyamaza.

"Hii ni harufu ya blanketi ya Mutua," akasema.

Tukaangalia vizuri. Ilikuwa bangi, imepandwa katikati ya mbaazi, laini nzima. Musembi akaja mbio.

"Wacheni hiyo, ni majani tu. Ni dawa ya ng'ombe."

"Ng'ombe gani?" Mbithe akamwuliza. "Si wewe unafuga mbuzi?"

Sasa, kwetu mwethya haulipwi. Mwenye shamba anapika, watu wanakula, na ukishakula chakula chake ni kama umesema hakuna neno kati yenu. Sufuria ikaletwa. Nyanya akaketi mchangani, akalaza jembe magotini. Hakuosha mikono. Sisi wote tukaketi hivyo hivyo, na njaa ilikuwa inatuuma, niwaambie ukweli.

"Mama, kula," Musembi akamwambia Nyanya.

"Nikila nitakuwa nimemmeza Mutua."

Musembi alisimama hapo mpaka muthokoi ukapoa. Halafu akainama, akang'oa mti wa kwanza mwenyewe. Tukang'oa yote. Mbithe akasema tuchome. Nyanya akamwambia, "Choma, na kesho utaongea na kuku." Tukatupa kwa shimo la choo, ndipo tukala, chakula baridi.

Mutua hakupona mara moja. Nyanya alimpatia jembe akamweka katikati yetu, mwanamume peke yake kwa mwethya, akina mama wakimtania kwamba watamnunulia leso. Akatoroka, tukamrudisha. Akatoroka tena, tukamrudisha tena. Mvua zilikuja zikaenda, lakini alipona, akaoa, akazeeka, ingawa kicheko chake cha zamani hakikurudi.

Siku hizi mwethya wetu umeisha. Watu wanaita vibarua, kila mtu anakula kwake. Muguka unauzwa mchana, hatua chache kutoka kanisani, na hakuna anayemkatalia mwenzake chakula. Basi mimi nitakataa. Anayemuuzia mjukuu wangu ni mtu wa ukoo wetu, na Jumamosi anamwoza binti yake. Nitaenda, nitaketi, sitaosha mikono. Nimeshaongea na akina mama kadhaa.

Nyinyi mliokuwa pale na bado mko, kama kuna jina nimechanganya, nirekebisheni. Lakini njooni mnirekebishe Jumamosi, tukiwa tumeketi.