Kisu Kilichobadilishwa kwa Kamba

Niliporudi kutoka kumzika baba, nilikuta mwindaji wangu naye amekufa, na aliyemvua mpaka viatu ni rafiki yangu wa karibu kuliko wote.

Nieleze vizuri. Sisi ni watu wazima wanne wenye kazi zetu, na kila Jumamosi mchana tunakutana Kirumba, kwenye baraza ya fundi mmoja wa kompyuta, kucheza mchezo wa karatasi, penseli na dadu. Fundi husimulia nchi ya mazimwi na mapango. Sisi watatu kila mmoja ana mhusika wake anayepita humo. Uwanja wa mpira uko jirani, kwa hiyo mara nyingi zimwi huuawa huku watu wakishangilia bao. Mwenzetu mmoja anauza dagaa kwenye soko la Mwaloni. Mwingine ni mwalimu ninayefundisha naye Kiseke, ndiye huyo rafiki yangu. Mimi ndiye niliyempeleka pale na kumfundisha kusoma dadu.

Mwindaji wangu alikuwa mwanamke, na nilikaa naye miaka miwili. Kwenye orodha ya vitu vyake niliandika upinde, koti la mvua, viatu vya ngozi, na mwisho kabisa kisu kidogo chenye mpini wa mfupa. Kisu hicho nilikiiga kutoka kwa kile cha baba. Rafiki yangu alikijua vizuri, maana likizo moja nilikwenda naye nyumbani, baba akammenyea machungwa kwa kisu hicho hicho.

Kanuni yetu ya kifo ni moja. Aliyekufa anaweza kubebwa hadi kwa mganga akafufuliwa, ila lazima awe amebakiwa na kitu chake kimoja mwilini, hata kifungo. Vingine vyote wenzake wanaruhusiwa kuchukua. Wakichukua na hicho cha mwisho, ndiyo basi, karatasi inapigwa mstari.

Baba alipofariki, nilipita kwa rafiki yangu asubuhi kabla ya kuvuka ziwa kwenda kijijini. Nikamwachia karatasi ya mwindaji.

"Nitunzie," nilimwambia.

"Nenda kazike, Madam. Huyu yuko na mimi."

Nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa nimesikia mengi kuhusu ndugu wanaovamia nyumba ya marehemu, na baba zangu wadogo sikuwaamini hata kidogo. Njia nzima nilipanga maneno makali. Siku ya kuanua matanga, baba mkubwa alikaa kwenye mkeka, akawa anainua vitu vya baba kimoja kimoja na kuuliza mbele ya watu nani ana neno. Alipofika kwenye kisu, alikiweka kando.

"Hiki ni cha binti," alisema. "Ndiye aliyekuwa anakaa naye jikoni wakimenya viazi."

Nililia kwa aibu, kwa jinsi nilivyowadhania vibaya.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kirumba kisu kikiwa kwenye mkoba, nikitaka rafiki yangu awe wa kwanza kukiona. Walinipa pole, wakanipa kiti kizuri. Kisha nikaiona karatasi yangu mezani, imepigwa mstari.

Muuza dagaa ndiye aliyenieleza, maana rafiki yangu alikuwa anapanga dadu zake. Walipambana na nyoka wa majini, mwindaji akafa, rafiki yangu akachukua upinde, koti na viatu.

"Si kikabaki kisu?" niliuliza.

"Kilibaki," fundi akasema. "Na nilimuuliza mara mbili kama anakichukua nacho."

Nikamgeukia rafiki yangu. "Umekipeleka wapi?"

"Nilikibadilisha kwa kamba. Tulikuwa tunashuka shimoni. Madam, ni mchezo tu. Halafu nilijua hurudi tena hapa. Mtu akishafiwa, mambo ya kitoto si anaacha?"

Sikumwonyesha kilichokuwa kwenye mkoba. Kuna watu watacheka kwamba mwalimu mzima aliumizwa na kisu cha kuandikwa kwa penseli, nao wacheke. Mimi niliumia. Watu niliowaogopa waliniwekea kisu, na niliyemwamini aliulizwa mara mbili, akakitoa mara zote mbili. Mimi natupa udongo kaburini, yeye tayari ameshanifuta.

Fundi alisema angeweza kulegeza kanuni. Nilikataa. Nikachukua karatasi mpya nikamwandika mchukuzi, mwanamke asiye na kitu mkobani zaidi ya chumvi. Niliendelea kwenda kila Jumamosi, kwa ukaidi zaidi kuliko raha. Shuleni tulisalimiana na kuazimana chaki, basi.

Miezi ikapita, kisha mhusika wake naye akafa. Daraja lilikatika, dadu zikamkataa, na mchukuzi wangu ndiye aliyekuwa karibu na mwili. Fundi akaniuliza nachukua nini.

"Madam," rafiki yangu alisema polepole.

Niliivuta karatasi yake nikaisoma kwa sauti. Nilichukua upinde. Nikachukua koti, viatu, mkuki, ngao, hata kibuyu cha maji. Kila kitu nilikitaja na kuuliza kama kuna mwenye neno, kama alivyofanya baba mkubwa. Hakuna aliyekuwa nalo. Mwisho ikabaki ile kamba.

"Na kamba?" fundi akauliza.

"Mwachie."

Aliniuliza mara ya pili, nikajibu vile vile.

Muuza dagaa alinisifu kwamba nina huruma. Haikuwa huruma. Nilitaka afufuke nayo, aione kila Jumamosi, na asiwe na kingine cha kutazama. Basi akafufuliwa. Akachukua karatasi safi, na kwenye orodha ya vitu akaandika kamba, peke yake, polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi nikatoa kisu cha baba kwenye mkoba, nikaanza kuchonga penseli yangu. Hapo ndipo alipokiona.