Kifaa Chumbani kwa Baba Mkwe

Fundi alicheka, na hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoisha.

Nilikuwa nimesimama uani, mtoto mgongoni, manyunyu yanatuangukia. Simu ilionyesha mtandao umejaa na hakuna kitu kilichopita. Mteja wa Dar es Salaam alikuwa amekatika akiwa katikati ya kunieleza kuwa friji aliyoletewa haigandishi. Nikampigia fundi aliyetufungia intaneti.

"Dada, hicho kifaa cha katikati kimezimwa," akasema. "Ingia chumbani kwa mzee, chomeka, basi."

"Siingii chumbani kwa baba mkwe."

"Kwani amelala?"

"Yuko msibani Kisondela na mama. Hata asipokuwepo siingii."

Ndipo akacheka. "Mila na intaneti wapi na wapi, dada yangu?"

Nikakata simu. Sikutukana. Hasira ilikuwepo, ila ilikuwa imekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Nikapita koridoni. Mlango wa mzee ulikuwa umerudishiwa tu, kuusukuma kwa kidole kimoja kungetosha. Nikaenda kuosha vyombo.

Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hupishana. Nikimwona anakuja njiani naingia migombani mpaka apite. Sikai naye chumba kimoja, simtazami usoni, jina lake silitamki. Wako walioacha, hasa wa mjini. Nyumba hii haijaacha, na nilijua hivyo nilipokubali kuolewa hapa Mpuguso. Siku nikiacha nitaacha mwenyewe. Fundi wa intaneti hatanipangia.

Na nilimwambia siku ile ile aliyokuja kufunga. Nyumba yetu ni ndefu, ya matofali ya kuchoma, kuta nene. Sebule iko mbele, chumba cha wakwe katikati, na mimi na mtoto tunalala chumba cha uani, karibu na jiko. Mume wangu yuko kazini Tunduma. Kifaa kimoja kisingefika kote, hilo nilikubali. Fundi akasema ataweka vitatu, na nitatembea na simu kutoka sebuleni hadi jikoni bila kukatika, kama vile ni kimoja. Nikamwambia weka popote isipokuwa chumba cha mzee. Akasema sawa, mama. Nikaenda kumnyonyesha mtoto. Niliporudi alikuwa ameshakusanya vifaa vyake, kifaa cha katikati kiko ukutani kwa mzee, kwa sababu soketi ilikuwa tayari imekaa vizuri.

Kibaya zaidi, cha uani kwangu hakikuvutiwa waya. Kinadaka mtandao hewani kutoka kwa hicho cha katikati. Cha katikati kikizimwa, changu kinabaki kinawaka taa zote na ndani hakuna kitu. Vitatu vyenyewe vina majina matatu na maneno ya siri matatu. Ukitoka sebuleni ukiwa unaongea, simu inang'ang'ania cha sebuleni mpaka inakata roho.

Mzee simlaumu. Radi iliwahi kuunguza televisheni ya jirani, kwa hiyo mawingu yakinguruma anachomoa kila kitu. Nani hajui mvua ya Rungwe? Kila ikinguruma, mimi sina kazi, maana sebuleni nako anashinda mzee. Mama mkwe ndiye aliyekuwa anaingia kunichomekea; siku ya friji mzee alichomoa, kisha wakaondoka wote msibani.

"Mwanangu," aliniambia siku moja, "kidude chako kinakonyeza usiku kucha. Mzee anasema amewekewa mke wa pili."

"Mwambie huyo wa pili ndiye anayetulisha, mama."

Akacheka hadi akashika mlango. Nilicheka pia, nakumbuka, ila sikusikia furaha yoyote moyoni.

Maana ni kweli kidude hicho kinatulisha. Kazi yangu ni kupokea simu za wateja wa duka la vyombo vya umeme la Dar, kupitia intaneti, kutoka nyumbani. Nina kidato cha nne na mtoto anayenyonya. Kazi nyingine inayokubali vyote viwili sijaiona, kuanzia Tukuyu mjini mpaka Matwebe. Na dada anayetusimamia alikuwa ameshaniambia: ukikatika tena na mteja, zamu yako nampa mwingine.

Siku ya friji alituma ujumbe mfupi. "Pole dada. Pumzika kwanza. Ukileta uthibitisho kwamba mtandao wako umetengemaa tutaongea." Nikausoma mara mbili. Mtoto alikuwa anavuta simu, nikamwachia aichezee.

Asubuhi nikapanda bodaboda mpaka ofisi ya hao watu wa intaneti, mjini. Msichana wa mapokezi alikuwa anakula chapati.

"Shida spidi, mama?"

"Hapana. Nataka kulalamika kwa maandishi."

"Si tumpigie tu fundi?"

"Nimeshaongea naye. Alicheka."

Akaacha kutafuna. "Sasa mimi niandike nini?"

"Nipe karatasi, nitaandika mwenyewe. Utanigongea muhuri kwenye nakala."

Nikaandika nimesimama, mtoto mgongoni anapiga teke:

"Nalalamikia kazi mliyofanya nyumbani kwetu Mpuguso. Nilimwambia fundi wenu asiweke kifaa chumba cha baba mkwe, akakubali, kisha akaweka. Mimi ndiye mteja na sehemu hiyo siwezi kuingia. Nilipomweleza alinicheka. Kifaa hicho kikizimwa simu za wateja wangu zinakatika, na kwa sababu hiyo nimesimamishwa kazi. Nataka kifaa cha katikati kihamishiwe koridoni. Kila kifaa kivutiwe waya wake kutoka sebuleni, na vyote vipewe jina moja na neno la siri moja, kama mlivyoahidi. Mkimaliza, mniandikie barua kwamba kosa lilikuwa la ufungaji wenu, siyo langu, niipeleke kazini. Aje fundi mwingine. Akifika aulize kwanza wapi haruhusiwi kuweka, na akijibiwa asicheke."