Namba Aliyoniomba Salma

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka vidole vinanifa ganzi. Nilikuwa jikoni kwangu Richardson, pembeni ya Dallas, nakunja sambusa za watu wa arusi, manda zimejaa meza nzima, na binti yangu Salma amejibanza kwenye kona ya meza hiyo hiyo na kompyuta yake ya shule. Ilikuwa 2018, mwaka wake wa mwisho wa sekondari, na chuo alichokitaka kilikuwa kimeshamkubali. Bila hata kuinua macho akaniambia, "Mama, nipe social yangu, nimalize ku-apply hii financial aid."

Social ndiyo ile namba ya serikali ambayo kila mwenye karatasi zake za kuishi hapa Marekani anayo, na fomu ile ya kuomba msaada wa ada ilikuwa inaidai. Salma hakuwa nayo. Nilimleta akiwa na miaka sita kwa viza ya matembezi, viza ikaisha nasi tumo, na kwa miaka kumi na miwili sikuwahi kumwambia. Nilishtuka hadi manda ikanichanikia mkononi. Nikamjibu kwamba namba yake anayo Mama Mkubwa huko Houston, nitakwenda kuichukua.

Ninyi vijana mnadhani makosa ya ujana hufanywa na vijana tu. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na tisa, na kosa nililotaka kulifanya hata mtoto wa darasa la tatu angelikwepa. Subiri, nitafika huko.

Kwanza nikueleze tulivyokuwa tukiishi. Katika jumuiya yetu ya Watanzania, mtu atakuuliza mshahara wako, atakuuliza kwa nini hujaolewa, atakuuliza hata ulichoambiwa na daktari. Karatasi hakuulizi. Badala yake tunaulizana, "Nyumbani unakwenda lini?" na jibu ni hilo hilo siku zote: "Mwakani, Mungu akipenda." Mimi nilisema mwakani miaka kumi na miwili. Nilisema mwakani hata baba yangu alipofariki Tanga. Nikamsomea hitima sebuleni kwangu, nikawaambia watu kazini wamenikatalia ruhusa.

Mwenyekiti wetu wa jumuiya, Mzee Shabani, naye alipofiwa na mama yake hakwenda kuzika. Hapo sasa ndipo uone ulimi wangu ulivyo. Aliyemsema kuliko wote ni mimi. "Mtoto gani huyu, mama yake anazikwa, yeye yuko huku anapanga ratiba za mikutano?" Nikayasema hayo mbele ya wanawake wenzangu, huku nakoroga pilau la hitima ya huyo huyo mama yake. Na mimi, niliyemzika baba yangu kwa simu, sikuona haya hata kidogo.

Basi nikapanda basi kwenda Houston kwa dada yangu, Mwanahawa. Yeye aliingia nchini kwa bahati nasibu ya viza, mambo yake safi, na binti yake Zainabu alikuwa rika moja na Salma. Mpango wangu ulikuwa Salma ajaze namba ya Zainabu kwenye fomu, mara hiyo moja tu, kisha maisha yaendelee. Usinitolee macho. Kule tulikokulia, mtu aliazima cheti cha nduguye akaanza nacho shule, akaitwa kwa jina la nduguye mpaka akastaafu nalo, na mtaa mzima unajua. Mimi niliona ni kuazimana tu kwa ndugu, kama mtu anavyoazima sufuria kubwa.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kikombe chini.

"Namba ya Zainabu ya nini? Salma si ana yake? Uliniambia mambo yenu yalishakaa sawa."

"Hayakukaa, Dada. Nilikudanganya."

Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi. Sauti ilipomtoka haikuwa ya ukali, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Mimi dada yako, tumenyonya ziwa moja, umenificha miaka kumi na miwili? Halafu leo unataka kuwaingiza hawa watoto wote wawili matatani? Hiyo ni fomu ya serikali kuu. Weka namba ya mtu mwingine pale, Salma ataharibikiwa asipate karatasi maisha yake yote, na wangu naye atafutwe."

Nikawa nalia. Hakunibembeleza. "Unajua mimi nafanya kazi wapi?"

"Kantini ya chuo."

"Na unajua ile meza inayotazamana na kantini yetu ni ya nini? Ni ya kuwasaidia wanafunzi wasio na karatasi. Kuna fomu ya jimbo la Texas, mbali na ile ya Washington. Mtoto aliyesoma hapa miaka mitatu akamaliza sekondari hapa hapa anaruhusiwa kuijaza. Anaweka kiapo kwamba siku sheria ikimruhusu ataomba ukaazi, basi. Haikuanza leo wala jana. Wale vijana wa meza ile huwa nawapelekea chai, kila mwaka nawapelekea chai, kumbe mwanangu mwenyewe yuko Dallas anaihitaji meza hiyo!"

Hebu fikiria, mwanangu. Msaada ulikuwa hatua ishirini kutoka kwenye birika la dada yangu, na kilichonizuia kuufikia ni uongo niliomwambia yeye mwenyewe.

Niliporudi nikamkalisha Salma nikamwambia yote. Akawa anakusanya vitu vya zamani kimoja kimoja. "Ndiyo maana ulinikataza ku-drive? Na ile trip ya choir ya London, ukasema pasipoti imepotea?" Nikaitikia kwa kichwa tu. Akasema, "I thought you didn't trust me, Mama. Wenzangu wote wana-drive. Nilidhani mimi ndiye nina shida." Hilo sikulitarajia. Nilijua nimemficha jambo. Sikujua kwamba alikuwa amejitafutia sababu yake mwenyewe, na sababu aliyoipata ni kwamba yeye ana kasoro.

Jumamosi iliyofuata chuo chake kilikuwa na kikao cha kuwasaidia watu kujaza ile fomu ya jimbo. Tukaenda. Nimevaa miwani ya jua na mtandio umenifunika nusu ya uso, Salma ananionea aibu. Nikatafuta kiti cha nyuma kabisa, nisionekane. Kiti cha pembeni yangu alikaa mzee mwenye kofia, ameinamia fomu na kijana wake wa kiume. Akainua kichwa. Mzee Shabani.

Tulitazamana kama wezi wawili waliokutana dirishani kwa mtu.

"Mama Salma," akasema taratibu. "Hata wewe?"

"Hata mimi, Mzee."

Akaifumbata kalamu kiganjani. "Nilimsikia mama yangu akizikwa kwa simu, mtandao unakatika-katika. Nilijua huku mnanisema. Sasa ningewajibu nini?"

Nilimwomba radhi pale pale, mbele ya mwanawe na mbele ya Salma, ambaye hakujua maneno niliyoyasema. Ilibidi ajue. Mzee akasema yamekwisha, lakini macho yake yalikuwa mekundu, na yangu pia.

Nilidhani nimemaliza kushtuka siku ile. Ofisa wa chuo, binti mpole sana, akafika kwetu, akapitia fomu ya Salma, akafurahi kwamba kila kitu kipo. Halafu akauliza kama swali la kawaida tu: alipotimiza miaka kumi na mitano, aliomba DACA? Nikamuuliza ndiyo nini hiyo. Akaeleza polepole: ni ruhusa kwa walioletwa wakiwa watoto, anakaa bila kufukuzwa, anapata kibali cha kazi, anapata na ile namba. Kwa tarehe tulizoingia, Salma alistahili.

"Basi aombe sasa," nikasema.

Yule binti akanitazama kwa huruma. Maombi mapya yalikuwa yamesimamishwa mwaka uliotangulia, 2017. Waliokwisha kuipata walikuwa wakihuisha tu. Miaka miwili mizima mtoto wangu alistahili kile kibali, na mimi niko jikoni nasema mwakani. Salma alisikia kila neno. Alinishika mkono chini ya meza.

Salma alianza chuo mwaka ule ule kwa msaada wa jimbo, nashukuru. Lakini wenzake walipoitwa kwenye kazi za mafunzo zenye mshahara, yeye alibaki maktaba. Hajanilaumu hata mara moja. Mimi najilaumu kwa niaba yake.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu. Sikwambii ujitangaze barabarani; dunia ina watu wabaya. Lakini mtoto wako mwambie mapema, angali mdogo na bado anauliza maswali mengi, maana sheria hufunguliwa na kufungwa na umri wake hausimami kukungoja. Ndugu yako wa damu usimfiche. Ofisi ya chuo kaulize kabla hujajaza chochote, na namba isiyo yako usiiguse, hata mwenyewe akikupa kwa mikono miwili. Na ukimwona mtu hakwenda kumzika mama yake, funga mdomo wako, umpelekee chakula.

Mungu akulinde ugenini na akujaalie urudi nyumbani siku utakayotaka, si mwakani ya kusingizia. Akupe watoto wenye akili kama Salma. Na siku watakapokaa kwenye kona ya meza yako, wakakuomba bila kuinua macho kile ulichoshindwa kuwapa, akupe ujasiri wa kuwaambia ukweli hapo hapo, na unga ungali mikononi.