Maharagwe Yaliyofungwa Kitengeni

Juma lile nilikosa usingizi kwa sababu ya maharagwe. Nilikuwa nimeyagawa mafungu mawili yaliyo sawa mbele ya mtoto wa kike. Fungu moja nililitandaza juu ya mkeka, jingine nikalifunga ndani ya kipande cha kitenge, kisha nikamwuliza ni lipi lenye maharagwe mengi. Akaonyesha lililofungwa. Tangu hapo swali langu likawa hili: je, nina haki ya kumwambia kwamba amekosea?

Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya ualimu Bukavu, vita vya pili vya nchi yetu vikiendelea, nikiwa na furaha ya mtu aliyegundua jambo ambalo anadhani wengine hawajalisikia. Tulifundishwa kwamba akili ya mtoto haijazwi kama mtungi. Mtoto hujenga ujuzi wake mwenyewe kwa kushika vitu, kuvigeuza, kukosea na kujaribu tena, na kila jambo jipya hulijenga juu ya yale aliyokwisha kuyaishi. Hupitia hatua. Akiwa mdogo hudanganywa na macho yake, hudhani kilichotandazwa ni kingi kuliko kilichokusanywa, mpaka siku anapogundua kwamba hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa. Kazi ya mwalimu ni kukaa kando yake, kumsaidia kufika mahali ambapo peke yake angeshindwa, halafu kumwachia. Niliyapenda mawazo hayo kupita kiasi. Kule Bukavu tuliyabishania na wenzangu mpaka chakula kikapoa.

Nyumbani Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, sikuwa na wa kubishana naye. Nilipofika nilikuta wazazi na wadogo zangu wamekwisha kuvuka ziwa, wako kambini Tanzania. Nikaingia katika chumba cha nyuma cha shangazi yangu, ambaye naye alikuwa ameondoka. Uani palikuwa na mafiga yake, na juu ya mafiga hayo nilijifunza kupika ugali wa mtu mmoja, jambo ambalo katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kulifanya. Sikuliweza. Kila siku ugali ulibaki, na kila siku nilishangaa kwamba umebaki, kana kwamba nilitegemea mtu aingie aumalize.

Mfuko wangu niliuweka mlangoni, umefungwa kwa kamba ndefu ya nailoni, kama zile za wavuvi. Ndivyo kila mtu alivyofanya. Kila nyumba ilikuwa na furushi lake karibu na mlango: unga, chumvi, sufuria, nguo za watoto. Watu walichomoa kitu, wakakitumia, wakakirudisha na kufunga tena. Hata sahani zilioshwa zikarudi mle. Mgeni angedhani mji mzima unasafiri kesho.

Shuleni nilipewa darasa la mwaka wa tatu. Mkurugenzi wetu, yaani mwalimu mkuu, alikuwa mwanamume mwenye koti moja la rangi ya majivu, ambaye alikuwa hajaondoka tangu vita vianze, na ambaye alifundisha mwaka wa tano na wa sita pamoja kwa sababu walimu wao walikuwa wamevuka. Siku yangu ya kwanza nilimwaga vijiti juu ya meza, nikawaambia watoto watafute wenyewe njia zote za kupata kumi na mbili. Wakanitazama. Mwishowe mtoto mmoja wa benchi la mbele akasema, kwa huruma kabisa:

"Madame, kama weye haujue, sisi tutajua namna gani?"

Darasa zima likacheka. Mkurugenzi alikuwa amesimama dirishani.

"Mademoiselle," aliniambia wakati wa mapumziko, "batoto banafanya nini na ile miti?"

"Wanajenga ujuzi wao."

"Banajenga." Akainua macho akatazama paa letu, ambalo upande mmoja lilikuwa limebaki mbao tupu. "Basi bakimaliza ujuzi, ubaambie bajenge na ile paa."

Nilicheka, kisha nikaenda nyumbani nikalichambua neno hilo siku kadhaa. Labda alinidharau. Labda ulikuwa utani tu. Labda utani ndiyo njia yake ya kudharau. Bukavu ningemwuliza rafiki yeyote, naye angeniambia niache upuuzi. Pale niliyauliza mafiga.

Ndipo akaja koko mmoja, kama tunavyowaita bibi zetu, amemshika mkono mjukuu wake. Walikuwa wamerudi kutoka kambini kabla ya watu wengine, kwa sababu koko hakutaka kuzikwa nchi ya watu. Kwa umri msichana angekuwa mwaka wa nne, lakini masomo yake yalikuwa vipande vipande: kidogo Kilembwe, kidogo kambini, na katikati kukimbia. Alipopewa maneno ubaoni ayasome, hakufungua mdomo.

"Mwaka wa kwanza," mkurugenzi alisema.

"Pamoja na bale badogo?" koko akauliza. "Ile miguu yake utaiingiza chini ya benchi gani?"

"Koko, miye nitafanya nini? Mutoto hajibu."

"Basi siku ya soko mutoto wa ndugu yangu anakuja na boti toka Ubwari. Atamubeba. Kule ataanika ndagala. Ndagala haziulizake mutu kitu."

Ndagala ni dagaa wetu, na kazi ya kuwaanika haina likizo. Mtoto akiingia huko harudi darasani. Msichana alisikiliza yote hayo akiangalia vidole vya miguu yake. Mkurugenzi akanigeukia.

"Weye ndio ulisoma akili ya batoto. Basi mupime. Mbele siku ya soko haijafika, uniambie ni mutoto wa mwaka gani."

Hivyo ndivyo maharagwe yalivyoingia. Mchana ule, watoto wa darasa langu walipokwisha kutoka, tuliketi chini mimi na msichana. Tuliyahesabu mafungu pamoja ili akubali kwamba yako sawa. Kama yuko nyuma, macho yatamdanganya, atachagua yaliyotandazwa. Kama amekua, atasema sawasawa. Yeye akachagua kitenge, na katika yote niliyosoma hapakuwa na mtoto aliyechagua kitenge.

Kesho yake niliwajaribu watoto wa darasa langu, wachache wachache. Karibu wote wakafanya vilevile. Yule wa benchi la mbele hakufikiri hata kidogo.

"Madame, ile ni swali gani? Si ile ya mu kitenge."

Nikaanza kuhangaika. Labda waliihesabu na nguo yenyewe. Labda sauti yangu ilipanda nilipotaja kitenge. Labda zile hatua tulizosoma zilikuwa za watoto wa kwingine. Au labda, na hili ndilo lililouma, sikuwahi kuzielewa, nilizikariri tu kama watoto wanaokariri majina ya mito, na mitihani yangu yote nilifaulu kwa midomo. Nilitamani kumwandikia mwalimu wangu wa Bukavu. Lakini njia ya Uvira, inayopeleka Bukavu, ilikuwa imefungwa na vita. Nilimwandikia kichwani, nikajijibu mwenyewe kwa sauti yake, na majibu yalitofautiana.

Siku mbili kabla ya soko nilimwita tena. Safari hii sikumwuliza ni lipi.

"Sababu gani unachagua hili?"

Aligusa fundo la kitenge kwa kidole. Kisha akasema, "Ile ingine itabakia."

"Itabakia wapi?"

"Pale. Pa mukeka." Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza, kama dada mkubwa anayemweleza mdogo wake. "Masasi ya bunduki ikilia, utaanza kuokota moja moja?"

Nikageuka kutazama. Chini mkekani maharagwe yalikuwa yametawanyika, na kweli nami nikayaona kwa macho yake: machache, karibu si kitu.

"Na kama leo hakuna kukimbia?" niliuliza. "Kama tunakaa tu, tunapika, tunakula?"

Kwanza alitazama mlango. Alisikiliza. Nje kulikuwa na mtu anatwanga mihogo, hakuna zaidi. Ndipo akafungua kile kitenge, akayapanga maharagwe yake mstari mmoja, na kando ya kila moja akaweka moja kutoka mkekani, midomo ikicheza bila sauti. Alichelewa, nami nikaficha mikono yangu chini ya mapaja nisije nikamsaidia. Mistari ikaishia pamoja.

"Kama hakuna kukimbia," alisema, "iko sawasawa."

Kisha akayakusanya ya kwake, akayafunga tena kwa mafundo mawili, akanirudishia.

Ningepaswa kufurahi. Akili ya mtoto haikuwa nyuma hata kidogo. Swali langu ndilo lililosahau mahali tulipo. Lakini nilirudi nyumbani na maneno yale, kama hakuna kukimbia. Nilikuwa nimeyatamka kirahisi, kama mtu anayesema tuseme leo ni Jumapili, na yote niliyoyapenda Bukavu yalisimama juu ya maneno hayo. Mtu hajengi ikiwa kile alichokiweka chini leo hana hakika ya kukikuta kesho. Na ni nani aliyekuwa akimwambia mtoto akae, apange mistari, asiwe na haraka? Mimi, ambaye mfuko wangu ulikuwa umefungwa mlangoni. Juma lilelile mfanyabiashara mmoja mwenye boti alikuwa ameniletea ujumbe wa mama: amenitengea mahali pa kulala, siku ya soko boti inarudi ng'ambo, nije. Nilikuwa nimemjibu kwamba nitakuja.

Nilimwambia mkurugenzi kwamba msichana ni wa mwaka wa tatu.

"Kwako?"

"Kwangu."

Akavua koti lake, akalikung'uta, akalivaa tena. "Sikiliza, Mademoiselle. Hesabu iko nayo, sawa. Kusoma, hapana. Anaomba muntu wa kukaa karibu yake kila siku, na miye ile nguvu sina. Darasa yako ilikuwa na mwalimu mbele weye hujafika. Alivuka. Mwingine naye alivuka. Ukibakia, mutoto aingie ya tatu. Ukivuka, namurudisha ya kwanza, na koko atamupeleka Ubwari hata sijafunga mudomo."

"Nikibaki, halafu vita vije?"

"Vita ikikuja tutakimbia bote, na miye nitakupita, sababu sibebe kitu." Hakucheka. "Sikulaumu, mwanangu. Kila muntu na maisha yake. Ila usinidanganye."

Nilisema nitajibu siku ya soko. Nikaenda kupima, kwa kuwa kupima ndiko ninakojua. Mama alikuwa upande mmoja, na mahali pa kulala, na watu wa kula nami. Upande mwingine mtoto ambaye hata jina langu hakuwahi kuliuliza. Nilijiambia kwamba ahadi yangu haina maana, kwa sababu hakuna anayeweza kuahidi hapa Baraka kwamba bunduki hazitalia. Niliing'ang'ania hoja hiyo, ilikuwa nzuri, ilinipeleka moja kwa moja mpaka botini. Ilivunjika nilipokuwa nasukuma ugali uliobaki kandokando ya sufuria. Hakuna aliyeniuliza kama vita vitakuja. Mkurugenzi alichouliza ni kama nitaondoka siku ambayo hakuna anayekimbia.

Siku ya soko nilipita kwanza kwa mkurugenzi, kisha nikashuka ufukoni mikono mitupu. Yule mfanyabiashara alikuwa anapanga magunia.

"Mwalimu, mufuko iko wapi?"

"Uko nyumbani."

"Basi kimbia ulete! Hatutakungojea."

"Mwambie mama nina darasa."

Akaniangalia, gunia liko begani. "Atalia."

"Najua."

Nikaondoka upesi nisije nikaanza kufikiri. Mbele kidogo, boti ya Ubwari ilikuwa inapakia sabuni na chumvi. Koko alikuwa ameketi juu ya furushi, mjukuu wake kando, uso umeelekea maji.

"Banamukubali?" koko akauliza kabla sijafika.

"Ameingia mwaka wa tatu. Yuko kwangu."

"Na weye ukienda?"

"Siendi, koko."

Alinitazama toka kichwani mpaka miguuni, bila haraka, kama mtu anayechagua mhogo sokoni. "Unakonda. Unakulaka na nani?"

"Peke yangu."

"Mm," alisema. Akainuka, akajitwisha furushi, akamwambia mtoto wa ndugu yake awasalimie watu wa Ubwari. Boti zote mbili ziliondoka karibu pamoja. Nilibaki kuitazama ile ya ng'ambo muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, nilipiga magoti mlangoni nikaifungua ile kamba ya nailoni. Fundo lilikuwa limekaza kwa kukaa, ikabidi nitumie meno. Mfuko ukalegea, ukaegemea ukuta. Nikaikunja kamba, nikaenda nayo.

Darasani nilimpa msichana ncha moja, nami nikashika nyingine. Nikawaambia watoto watafute wenyewe chumba chetu kina urefu gani, na kwamba sitawaonyesha namna.

"Madame," yule wa benchi la mbele akasema, "na ile tena haujue?"

"Sijui."

Msichana alikuwa amekwisha kufika ukutani. Ameshika ncha yake kwa mikono miwili, anangoja niivute.