Kilo Kumi na Saba Ndani ya Koti

Nitawaambia hii stori mara moja tu, na mkicheka mcheke mkiniangalia usoni, maana watu wa mtaa wetu wa Kimumu wamenicheka kisogoni mpaka nywele za huko zimeisha. Mimi, niliyemaliza kidato cha nne shule ya jioni nikiwa na ndevu kumshinda mwalimu (na hesabu nikapita, hiyo msisahau), ndiye yule mtu aliyerudisha ndege nzima kwa sababu ya koti.

Kazi yangu ni mizani. Kwa stoo ya mahindi ya Mama Halima pale Munyaka, hapa Eldoret, mimi ndiye husema gunia limepungua, na mkulima hata alie machozi ya kujaza debe, sibadilishi. Ndiyo maana Mama akaamua nikasimamie stoo mpya ya Lodwar. Cheo, bana! Lori likatangulia Jumamosi na mizani, mimi na Mama tukawa tufuate Jumatatu kwa ndege. Sasa Jumapili nikifagia, nikapata mawe ya mizani yamebaki kwa kona, yale ya chuma ya kuhakikisha mizani inasema ukweli: matatu ya kilo tano, moja ya kilo mbili. Niliyasahau mwenyewe. Ningemwambia Mama tu, yaishe. Lakini mkubwa wa stoo anayesahau mawe kabla hata ukubwa haujaanza? Nikasema, ah, nitayabeba pole pole, nani atajua.

Ndege yenyewe ilikuwa ya abiria tisa, ndogo hivi, hata ng'ombe wa gredi, wale wakubwa wa kizungu, angeiangalia kwa dharau. Kabla ya kupanda mnapimwa kama magunia, wewe na mzigo wako. Begi langu lilikuwa limemaliza kilo zake zote, kwa hivyo mawe yakaingia kwa koti langu zito la baridi ya asubuhi, na nilipoitwa kwa mizani nikalivua kwa adabu, nikaliweka kwa kiti, kama mtu aliyeshikwa na joto.

"Hamsini na nane," karani akasema. "Kwani kwenu hamli?"

Askari wa mashine ya kukagua mizigo aliyaona mawe, akauliza ni nini, nikamwambia ni ya kazi, akaniachilia (yeye hutafuta visu, hatafuti kilo).

Rubani alikuwa dada mmoja mtulivu, na yeye mwenyewe ndiye alitupanga. Mama Halima mbele. "Wewe mwembamba, nyuma kabisa." Nikajifanya mtu wa maswali, nikauliza kwa nini.

"Ndege ndogo lazima isawazishwe," akasema. "Mkia ukilemewa, pua inapanda na mimi siwezi kuishusha. Na hapa Eldoret tuko juu, hewa ni nyepesi, kilo chache tu nazihesabu. Kila mtu amepimwa na vitu vyake vyote, ama?"

Wote wakasema ndiyo. Na mimi nikasema ndiyo, ikatoka kama sauti ya kifaranga.

Injini ikanguruma, tukaanza kusonga, na hapo ndipo akili ya mizani ikaniamkia. Nani kama mimi anajua kwamba kijiwe kidogo, ukikisukuma mpaka mwisho wa ule mkono mrefu wa mizani, kinainua gunia zima la kilo tisini? Na mwisho wa mkono ndio nilikuwa nimekalia! Kila shimo tulilopita nilisikia mkia ukilia kwi, nikatoka jasho la kunywesha ng'ombe wawili. Huko mbele Mama Halima alikuwa anavuta tasbihi yake taratibu, mtu aliyeniamini kwa miaka sita, na wajukuu saba nyumbani, na mimi niko hapa nyuma nimebeba kifo chake mfukoni. Ndege ikageuka kukabili njia ya kupaa. Nikaruka kutoka kwa kiti.

"Simamisha! Mimi si hamsini na nane! Mimi ni sabini na tano!"

"Hata ukiwa na miaka mia, kaa chini!" jirani yangu akanivuta koti, mkono wake ukagonga chuma, akauvuta haraka.

Tulirudi. Nikatoa mawe moja moja mbele ya watu wote, kila moja likilia ngo! kwa ile mizani. Rubani hakunipigia kelele, afadhali angepiga. "Asante kwa kusema," akaniambia. "Lakini niliuliza." Kisha akapiga hesabu upya: vyote haviwezekani, ni mimi au mawe.

Mama Halima akanitazama, akaniita kwa Kisomali chake. "Waryaa, Rono. Hayo mawe ni yangu?"

"Ni yako, Mama."

"Basi mawe yaende. Hayo hayajawahi kunidanganya. Wewe utakuja na lori lingine."

Wallahi, yalifungwa mkanda kwa kiti changu, na mimi nikabaki uwanjani nikipungia chuma mkono.

Nilifika Lodwar kesho yake na vumbi mpaka kwa meno, nikijua nimeenda kufutwa. Mama alikuwa ameketi kando ya mizani, ufunguo wa stoo mkononi.

"Panda," akasema. Nikapanda. "Na koti." Nikalivaa, nikapanda tena. Akasoma, akakagua mifuko, akanipa ufunguo.

Siku hizi hata nikipimwa kliniki natangaza peremende iliyo mfukoni. Koti lenyewe Mama alilichukua, akalitundika kwa msumari juu ya mizani, wateja wote walione. Na Lodwar ni joto mwaka mzima, kwa hivyo siwezi hata kusingizia kwamba nalihitaji.