Maharage Yenye Risiti

Kwa miaka kumi na minane Bi Upawa, mpishi wa kantini ya chuo, aliweka akiba ya masomo ya binti yake. Jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu upawa wake haukuwahi kumnyima mtu mchuzi. Akiba aliiweka kwenye akaunti ya elimu, ile ambayo serikali, kwa huruma yake isiyo na kifani, iliahidi kutoigusa kwa kodi mradi pesa zitumike kwa elimu. Elimu ni nini, hakuuliza. Alidhani inajulikana.

Binti akapata nafasi chuo hichohicho, dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani. Bi Upawa alifurahi hadi akaunguza sufuria nzima. Tangu mumewe afariki walikuwa wawili tu katika vyumba vile viwili, na sasa mtoto angesoma na jioni arudi mezani kwake. Alitaka hilo tu. Akapiga hesabu: ada, vitabu na chakula cha nyumbani, miaka minne. Pesa zilitosha.

Alipokwenda kuomba kibali cha kuzitoa, ofisi ya kodi ilimpokea kwa afisa mwenye tai, heshima tele na kitabu cha kanuni kinene kuliko mto wa kulalia.

"Ada, sawa mama. Vitabu, sawa. Chakula hiki ni cha wapi?"

"Cha nyumbani, mwanangu. Napika mwenyewe."

"Basi hicho si elimu. Pesa yake itakatwa kodi, na faini juu."

"Kwa hiyo asome na njaa?"

"Hapana, mama. Akikaa bweni akala kantini ya chuo, hiyo ni gharama ya elimu. Akila kwako, ni chakula tu."

"Lakini kantini ya chuo mpishi ni mimi!"

Afisa alipekua kitabu ukurasa kwa ukurasa, asije akamwonea mtu. "Hakuna kifungu kinachomtaja mpishi," akasema.

Ebo! Maharage yaleyale, mkono uleule, chumvi ileile; yakitolewa dirishani kwa risiti yamesoma, yakipakuliwa nyumbani ni mbumbumbu. Bi Upawa alikaa kwenye benchi la nje akarudia hesabu mara tatu. Kodi na faini zilimeza mwaka wa nne wote. Kwa bweni, ambalo watoto wa wafanyakazi hulipia nusu bei, akiba ilifika hadi mwisho. Roho ilimuuma, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama.

"Mama, si hapo tu?" binti alimwambia akifunga begi. "Nitakuja kila Jumapili."

"Njoo. Ila uje umeshiba, tusije tukavunja sheria."

Siku ya kwanza ya masomo, binti alifika dirishani na sinia lake, nyuma yake foleni ndefu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tikiti iko wapi?"

Akaipokea, akampa risiti, akapakua upawa mmoja. Akatazama huku na huko, akaongeza wa pili. Binti hakuondoka.

"Na wewe mama, umekula?"

Waliokuwa nyuma walianza kunung'unika. Bi Upawa alifuta macho kwa ncha ya aproni, akasingizia mvuke.

"Nitakula nyumbani," akasema. "Kule ni chakula tu. Haya, anayefuata!"